Mapumziko Huanzia Kwenye Daftari la Matumizi

Katika kliniki ya magonjwa ya ndani tumezoea kumuuliza mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu maswali yaleyale: anatumia chumvi kiasi gani, anavuta sigara, anakunywa pombe, anafanya mazoezi, katika ukoo wake yupo aliyewahi kupata kiharusi. Liko swali moja ambalo aghalabu haliulizwi, wala halina nafasi yake katika fomu nyingi ninazozijua: anafanya kazi saa ngapi kwa wiki. Kisha, mazungumzo yanapokaribia kwisha, tunamwambia apunguze mawazo na apate muda wa kupumzika. Mgonjwa huitikia kwa adabu, huchukua cheti chake cha dawa na kuondoka. Yeye anajua, na sisi tunajua, kwamba hapo tumemwandikia dawa isiyouzwa katika duka lolote.

Hoja ninayokusudia kuitetea ni kwamba kwa watu wa kipato cha kati, na hususan kwetu sisi wataalamu wa afya, njia iliyo karibu zaidi ya kuyapata mapumziko hayo ni kupunguza gharama za maisha, ili kazi ya pili isiwe ya lazima. Najua kwamba hoja hii huonekana kuwa ya mtu wa uchumi, au ya mhubiri, zaidi kuliko ya daktari. Naiona kuwa ya daktari kabisa.

Mwezi Mei 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalichapisha kwa pamoja makadirio ya dunia nzima kuhusu vifo vinavyohusishwa na saa nyingi za kazi. Watu wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki walilinganishwa na wale wanaofanya kazi saa 35 hadi 40. Ilionekana kuwa kundi la kwanza lina hatari iliyozidi kwa takriban asilimia 35 ya kupata kiharusi, na kwa asilimia 17 ya kufa kwa ugonjwa wa moyo unaotokana na kuziba kwa mishipa yake. Kwa mwaka 2016 pekee vifo vilikadiriwa kuwa 745,000, yaani 398,000 vya kiharusi na 347,000 vya moyo. Msomaji asizisome tarakimu hizi vibaya. Asilimia 35 haina maana kwamba watu 35 kati ya 100 wanaofanya kazi kupita kiasi watapata kiharusi. Maana yake ni kwamba hatari ile aliyokuwa nayo mtu tangu awali, iwe ndogo au kubwa, inaongezewa kiasi hicho. Kwa kijana wa miaka 25 nyongeza hiyo ni ndogo. Kwa mtu wa miaka 50 mwenye shinikizo la damu ambalo halijadhibitiwa, si ndogo hata kidogo.

Njia ambazo saa hizo hupitia hadi kuufikia ubongo na moyo zinaeleweka kwa sehemu kubwa. Mwili ulio katika mkazo wa muda mrefu huendelea kutoa homoni za dharura, nazo huinua mapigo ya moyo na kubana mishipa ya damu. Usingizi ukifupishwa, mishipa hukosa pumziko lake: kwa mtu mwenye afya shinikizo la damu hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20, na mtu anayelala saa nne tu hupata sehemu ndogo ya ahueni hiyo. Halafu kuna tabia. Anayefika nyumbani saa nne usiku hapiki mchicha. Hununua chipsi kwa mayai njiani na soda ya kuzishushia, hulala tumbo likiwa limejaa, na asubuhi mazoezi hayana nafasi. Tunamlaumu kwa chipsi, ilhali chipsi zimetokana na saa.

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada zisizozidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, tena kwa makubaliano. Ni sheria nzuri, lakini inamwangalia mwajiri mmoja, ilhali mwili huwajumlisha waajiri wote. Mtumishi anayemaliza saa 45 za mwajiri wa kwanza, kisha akaenda jioni nne kwa mwajiri wa pili kwa saa nne kila jioni, amefikisha saa 61. Hapo hatujahesabu foleni ya Mandela wala ya Bagamoyo. Waajiri wote wawili wametii sheria, na mtu huyo amekwishavuka ile saa ya 55.

Vijana wengi ninaowafundisha hawajui kwamba hali hii ina historia, na kwamba historia hiyo si ndefu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha, au kuwa na hisa katika kampuni. Na neno kiongozi lilijumuisha watumishi wa serikali wa vyeo vya kati na vya juu. Mwaka 1977 sheria ya hospitali binafsi ilipiga marufuku tiba ya kibinafsi kwa faida, ikaziacha hospitali za mashirika ya dini. Miiko ya uongozi ililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mwaka huohuo sheria ya hospitali ikarekebishwa, milango ya tiba binafsi ikafunguliwa tena. Kwa hiyo daktari anayetoka wodini saa tisa na nusu alasiri na kuelekea kituo binafsi ni mtu wa kizazi kimoja tu kilichopita.

Sitamani marufuku yale yarudi. Walioishi miaka ya 1980 wanakumbuka mishahara iliyoliwa na mfumuko wa bei hadi ikakosa kununua hata sukari ya mwezi, na kliniki za jioni zimewafaa wagonjwa wengi ambao wangepoteza siku nzima ya kazi kwa kupanga foleni asubuhi. Ninachokiona ni badiliko lililoingia kimyakimya. Kazi ya pili ilianza kuwa njia ya kuziba pengo, ikaja kuwa sehemu ya bajeti, na sasa imekuwa dhamana ya mkopo. Mtu hukopa kwa kuuhesabu mshahara usiokuwa katika barua yake ya ajira. Kuanzia siku hiyo hawezi tena kuiacha kazi ya pili hata mwili ukimwambia aiache, kwa sababu nyumba, gari na shule vimejengwa juu yake.

Naomba tufanye hesabu moja. Ni ya mfano tu, na kila mmoja aweke tarakimu zake. Tuseme jioni moja ya kliniki inamlipa daktari shilingi 80,000 baada ya kodi. Mafuta ya kutoka kazi ya kwanza hadi ya pili na kurudi nyumbani, kwa mwendo wa foleni, ni shilingi 16,000. Chakula cha jioni kinachonunuliwa kwa sababu hakuna aliyepika ni shilingi 15,000. Mwalimu wa ziada anayewasaidia watoto kazi za shule, ambazo mzazi angezisimamia mwenyewe, ni shilingi 9,000. Zimebaki shilingi 40,000. Muda uliotumika si saa nne za kliniki; ni saa nne na nyingine mbili barabarani. Kila saa imelipa chini kidogo ya shilingi 6,700. Sasa gari lile la pili, ambalo bima yake, matairi na mkopo wake vinagharimu, tuseme, shilingi 800,000 kwa mwezi, limegharimu takriban saa 120 za maisha ya jioni kila mwezi, na hizo ni karibu jioni zote za kazi katika mwezi mzima. Mtu anayeona bei kwa namna hii haambiwi na yeyote auze gari. Atalitazama mwenyewe kwa jicho jingine.

Wazo la kuhesabu hivi si langu, wala si jipya. Mmarekani Henry David Thoreau aliishi kando ya bwawa la Walden, katika mji wa Concord, Massachusetts, tangu mwaka 1845 hadi 1847, katika kijumba alichokijenga kwa dola 28 na senti 12 na nusu. Alidai kwamba kazi ya kibarua ya takriban wiki sita kwa mwaka ilimtosha kulipia mahitaji yake yote. Wapo wasomi wetu wanaomtaja kwa mapenzi makubwa. Mimi nampenda kwa kiasi. Ardhi ile ilikuwa ya rafiki yake Emerson, na Thoreau mwenyewe hakuwa na mke, wala mtoto, wala binamu anayesubiri ada ya kidato cha tano. Hesabu yake ni sahihi kwa mtu mmoja. Kwetu sisi hakuna mtu mmoja.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi. Mtafiti Mwingereza James Woodburn, aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alikadiria kuwa walitumia kwa wastani chini ya saa mbili kwa siku kutafuta chakula. Mwanaanthropolojia Marshall Sahlins akaitumia taarifa hiyo, katika kitabu chake cha mwaka 1972, kudai kwamba wawindaji na wakusanyaji ndio jamii ya kwanza ya matajiri, kwa kuwa walitaka kidogo na walikipata. Watafiti wa moyo waliowapima Wahadzabe katika miaka ya karibuni wamekuta shinikizo la juu la damu ni adimu miongoni mwao. Hata hivyo daktari hawezi kuishia hapo. Saa zile mbili hazikujumuisha kazi ya kutwanga, kupasua na kupika, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Na katika tafiti za jamii hiyo karibu nusu ya watoto hawakufikia umri wa miaka 15. Maisha rahisi yasiyo na chanjo wala mkunga si kitu cha kukitamani. Ninachokichukua kwao ni kimoja: kiasi cha kazi anachofanya mtu huamuliwa na ukubwa wa mahitaji aliyojiwekea, si na uhaba wa dunia peke yake.

Hapa hapana budi kusema hoja yangu haimhusu nani. Haimhusu mama lishe anayewasha jiko saa kumi alfajiri, wala kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu ya kila siku kwa mwenye pikipiki, wala mhudumu wa afya wa zahanati ya mbali ambaye mshahara wake hautoshi hata kwa maisha aliyokwisha kuyabana. Kumwambia mtu wa namna hiyo apunguze matumizi ni dhihaka. Anachohitaji ni kipato bora, bima, na mtu wa kumpima shinikizo la damu bila kumpotezea siku ya kazi. Wengine ambao huwa tunawasahau wamo ndani ya nyumba zetu. Wengi wetu tunaweza kufanya kazi mbili kwa sababu kuna dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri na kulala baada ya sisi kula. Sheria ileile ya saa 45 inamhusu na yeye, ingawa ni nyumba chache zinazoikumbuka. Tangu nilipoanza kurudi nyumbani mapema, badiliko la kwanza tulilofanya ni dada yule kumaliza kazi saa kumi na mbili jioni na kwenda masomo ya ushonaji. Kama mapumziko ya mama mwenye nyumba yanamlazimu msichana wa miaka 19 kuchoka maradufu, mapumziko hayo ni ya wizi.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote linatoka kwa madaktari wenzangu. Nchi hii, wanasema, haina madaktari bingwa wa kutosha. Kila saa unayopumzika ni mgonjwa aliyekosa huduma. Lina ukweli. Lakini linadhania kwamba saa ya kumi na tatu ya daktari ni sawa na saa yake ya tatu, na sivyo. Watafiti Dawson na Reid walionesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya vibaya katika majaribio ya umakini sawa na mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, kiwango kinachofanana naye ni takriban asilimia 0.10. Mwaka 2004 utafiti uliofanyika Boston katika wodi za uangalizi maalumu ulikuta madaktari wa mafunzo waliokuwa na zamu ndefu za desturi walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi kuliko walipopewa zamu zilizofupishwa. Hakuna kati yetu ambaye angekubali kufanyiwa upasuaji na mtu aliyetoka baa, hata kama amekunywa kidogo.

Ni haki pia kueleza upande wa pili wa ushahidi. Marekani iliweka ukomo wa saa 80 kwa wiki kwa madaktari wa mafunzo mwaka 2003, miaka karibu 20 tangu kifo cha binti Libby Zion mjini New York mwaka 1984 kilipoibua mjadala huo. Baadaye majaribio mawili makubwa, yaliyochapishwa mwaka 2016 na 2019, hayakukuta kuwa kulegeza masharti ya urefu wa zamu kuliongeza vifo vya wagonjwa. Sababu moja inayotajwa ni kwamba zamu fupi huzidisha makabidhiano, na katika makabidhiano taarifa za mgonjwa hupotea. Lakini makundi yote katika majaribio hayo yalibaki ndani ya ukomo uleule wa saa 80 kwa wiki, kwa hiyo yanatufundisha kuhusu namna ya kuzigawa saa kuliko kuhusu wingi wake. Aidha, daktari wetu wa jioni hakabidhi wala hakabidhiwi. Anawaacha wagonjwa wa hospitali moja na kwenda kuanza na wengine wa kwingineko, na mara nyingi wanaompata akiwa amechoka ni wale waliolipa zaidi ili wamwone.

Kwa upande wangu nilikuwa na kliniki nne za jioni kwa wiki, na sasa ninayo moja. Haikuwa kazi ya siku moja. Tuliuza gari moja kati ya mawili. Tulisitisha ujenzi, na kiwanja chetu cha Kibaha kina msingi na nyasi ndefu hadi leo, tukabaki katika nyumba ya kupanga Magomeni, ambako naweza kupanda mwendokasi na kufika kazini nikiwa nimesoma kurasa kadhaa, ikiwa nimepata kiti. Tuliweka kiwango cha michango ya harusi, na kiwango hicho ni kimoja kwa wote, bosi na jirani. Mjomba wangu, mtu mzima ninayemheshimu sana, aliposikia nimeacha kliniki tatu aliniuliza kwa upole, “Mama, kwani huko wamekufukuza?” Nilipomwambia nimeacha mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi usiwaambie watu.”

Kauli ile ya mjomba ilinieleza jambo ambalo hesabu zangu hazikulieleza. Katika jamii yetu matumizi ya daktari si yake peke yake. Gari lake ni fahari ya ukoo, na nyumba yake ni ushahidi kwamba ile mbuzi iliyouzwa kulipia karo haikuuzwa bure. Kwa hiyo ninapozungumzia kubana matumizi najitahidi kutenganisha mambo mawili ambayo hukaa chungu kimoja. Kumlipia mpwa ada, kumnunulia mama mzazi dawa za kisukari, kumpokea mgeni aliyekuja mjini kutibiwa: hayo siyapunguzi, na sitamshauri mtu ayapunguze. Hiyo ndiyo bima ya kweli ya Waafrika wengi, nayo ilikuwapo kabla ya kampuni zozote za bima. Ukumbi wa shilingi milioni kumi kwa usiku mmoja, sare za kitenge kwa kila sherehe, simu mpya kwa kuwa ya mwenzako ni mpya: hayo ni mambo mengine. Mpaka kati ya ukarimu na kujionesha si rahisi kuuchora kila mara, na wapo ndugu waliokasirika nilipouchora mahali wasipopapenda.

Ada za shule ndizo zilizotushinda. Mume wangu anaamini kwamba watoto wabaki katika shule binafsi kwa gharama yoyote. Mimi naona shule ya serikali iliyo karibu, pamoja na mzazi aliyepo nyumbani jioni, vinaweza kuwafikisha. Hatujakubaliana. Ile kliniki moja iliyobaki ndiyo inayolipa ada hizo, na iwapo mjadala wetu utaisha kwa upande wake nitaendelea nayo.

Kama daktari nina neno kuhusu vitu visivyofaa kukatwa, kwani nimewaona watu waliobana matumizi mahali pa hatari. Mtu asikate bima ya afya. Kuishi kwa kipato kidogo bila bima ni kuishi hatua moja kutoka kuuza kiwanja, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetungwa kwa sababu hiyo. Mtu asikate dawa za shinikizo kwa kuzinywa siku moja na kuruka siku moja. Dawa za kawaida ni za bei nafuu kuliko siku moja ya kulazwa kwa kiharusi. Wala asidhani kuwa chakula cha bei ndogo ni chakula duni. Maharage, dagaa, mchicha, matembele na matunda ya msimu ni nafuu kuliko kuku wa kukaanga, tena ni bora kwa mishipa. Dona ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezipoteza kwa kukobolewa, lakini mahindi yake yawe yamekaushwa na kuhifadhiwa vizuri, kwani sumukuvu haina mzaha: mwaka 2016 iliugua na kuua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika vitu hivi kunahitaji muda, na muda ndio tulioununua kwa kupunguza saa za kazi. Mwaka mmoja baada ya badiliko letu gharama ya chakula nyumbani kwetu ilikuwa imeshuka, jambo ambalo hatukulitarajia.

Wapo wanaoniuliza, wengine kwa kejeli, hizo jioni tatu nazifanyia nini. Jibu langu huwakatisha tamaa. Jioni moja natembea. Jioni nyingine nasimamia kazi za shule, na humo nimegundua kwamba mwanangu wa pili haoni vizuri ubaoni. Ya tatu mara nyingi hupotea tu: tunakaa barazani, majirani wanapita, tunazungumza, giza linaingia. Sijaandika kitabu wala kujifunza Kifaransa. Nashuku hamu ya kuyafanya mapumziko yazalishe kitu. Huko ni kuipeleka kliniki nyumbani.

Ninalo pendekezo moja kwa vyuo vyetu vya tiba, nalo ni dogo na halina gharama. Daktari wa mafunzo kwa vitendo humaliza mwaka wake, huajiriwa, na ndani ya wiki chache maofisa mikopo wa benki huwa wamekwisha kupata namba yake. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu itachukua asilimia 15 ya mshahara wake. Benki itamwonesha kwa furaha kwamba bado anaweza kukopa hadi abakiwe na theluthi moja, na humwita anayekopa hadi ukomo huo mteja mzuri. Akitia saini mkataba wa miaka saba akiwa na miaka 27, ameamua jioni zake hadi afikishe miaka 34, na huo ndio umri ambao watoto wake watakuwa wadogo na yeye mwenyewe yumo katika masomo ya ubingwa. Tunawafundisha vijana hawa kwa saa nyingi namna ya kusoma kipimo cha umeme wa moyo. Tuwape saa mbili, kabla ya mshahara wa kwanza, wakae na karatasi na kalamu na mtu asiyeuza mikopo, wahesabu kila kitu wanachotaka kununua kitawagharimu jioni ngapi. Nimejitolea kuyafundisha masomo hayo bila malipo siku ya Jumatano, ambayo zamani ilikuwa ya kliniki.